Je, Wajua? Mungu na Sisi Wenyewe Ndani ya Hadithi za Biblia, Tukisomea Chini ya Kibo

Je, wajua kwamba mtu aliyesimama kwenye mnara wa saa pale Moshi mjini yuko juu kuliko kilele cha Mlima Tabori? Tabori, ambako mapokeo ya Kanisa yanasema Yesu aligeuka sura mbele ya Petro, Yakobo na Yohana, hauna hata mita 600 kutoka usawa wa bahari. Moshi mjini imepita mita 800. Jabal Musa, mlima ambao mahujaji huonyeshwa kuwa ndiko Musa alikopewa Amri Kumi, una mita 2,285. Anayepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu huupita siku ya kwanza tu, kwa maana kituo cha Mandara kiko kama mita 2,700, na hapo safari ndiyo kwanza inaanza.

Kibo chenyewe, kilele cha Kilimanjaro, mita 5,895, hakitajwi popote katika Biblia. Wasomaji wa mlimani wamejitafuta humo wenyewe, na safu hii inahusu walichokuta.

Je, wajua kwamba Mzungu wa kwanza kuandika habari za theluji ya Kilimanjaro alifika akiwa na Biblia? Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na Jumuiya ya Misheni ya Kanisa la Uingereza (CMS), aliiona theluji tarehe 11 Mei 1848 akiwa na kiongozi wake wa njia, Bwana Kheri, na wapagazi kutoka pwani. Siku hiyo, kwa mpangilio wake wa kawaida wa kusoma, alikuwa amefikia Zaburi ya 111, inayosifu matendo makuu ya Mungu. Aliandika kwamba akiwa mbele ya mlima ule zaburi ilimgusa maradufu. London hawakumwamini. Mwanajiografia wa mezani, W. D. Cooley, alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na Ikweta. Mwaka 1849 Rebmann alirudi Machame kwa Mangi (chifu) Mamkinga akitaka kusonga mbele hadi Unyamwezi, akajikuta mali yake ya safari inaishia kwenye zawadi. Aliondoka mlimani bila kuacha Mkristo hata mmoja. Alirudi Ujerumani 1875 macho yakiwa karibu kufa kabisa, akafariki mwaka uliofuata.

Je, wajua swali la kwanza ambalo Mungu anamuuliza mwanadamu katika Biblia? Anamuuliza Adamu yuko wapi. Liko Mwanzo sura ya 3, na Adamu wakati huo yuko nyuma ya miti. Ukianza kuyafuatilia maswali ya namna hiyo utayakuta kila kona: Kaini anaulizwa ndugu yake yuko wapi, Yakobo anaulizwa jina lake usiku wa mieleka, Eliya anaulizwa anafanya nini pale Horebu, tena anaulizwa mara mbili na anajibu vilevile mara mbili. Hakuna hata swali moja kati ya hayo ambalo Mungu hajui jibu lake. Anayehitaji kulisikia jibu ni yule anayeulizwa.

Na je, wajua kwamba wa kwanza kumpa Mungu jina katika Biblia nzima ni mfanyakazi wa ndani? Hagari, Mmisri, mjakazi wa Sara. Si Ibrahimu wala Nuhu. Soma Mwanzo 16 polepole utaona jambo: Sara na Ibrahimu wanapozungumza habari zake hawamtaji kwa jina, wanamwita kijakazi tu. Malaika anapomkuta kwenye chemchemi jangwani ndiye anayemwita Hagari, kisha anamuuliza ametoka wapi na anakwenda wapi. Anajibu nusu. Anasema alikotoka, anakokwenda hakusemi, na nadhani ni kwa sababu hakukujua. Ndipo anampa Mungu jina la Mungu aonaye. Nyumba nyingi za Moshi, Arusha na Dar es Salaam zina binti wa kazi anayeitwa "dada" kuanzia Januari hadi Desemba, na wageni wa nyumba hiyo hawajui aliitwaje siku ya ubatizo. Sura hii ingefaa isomwe yeye akiwa ameketi sebuleni pamoja na wengine, si akiwa jikoni.

Je, wajua kwamba Uchaggani ilisimuliwa habari ya chakula kilichokatazwa, ila si tunda? Ni kiazi kikuu. Charles Dundas, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa serikali ya Moshi miaka ya 1920, aliiandika katika kitabu chake cha 1924 kuhusu Kilimanjaro na watu wake. Ruwa, ndivyo Wachagga wanavyomwita Mungu, aliwapa watu wa kwanza shamba la migomba wale watakavyo, isipokuwa kiazi kikuu cha aina moja. Akaja mgeni. Akasalimu, akaomba chakula, akasema Ruwa mwenyewe ameruhusu kiazi kile kipikwe. Kikatiwa chunguni. Harufu ndiyo iliyowachoma: mtumishi wa Ruwa aliinusa, akaja akaondoa chungu kama kilivyo na kukipeleka kwa bwana wake. Tangu hapo mifupa ya watu ikaanza kuchoka na kifo kikawa chao.

Kuna watakaosema simulizi hii ilichanganyika na mafundisho ya wamisionari, maana Dundas aliiandika wakati Injili imeshakaa mlimani karibu miaka 40. Inawezekana. Mimi kinachonivutia ni mahali watu walipotiwa majaribuni. Bustani ya Edeni kuna nyoka na mazungumzo ya kijanja. Hapa kuna mgeni mlangoni mwenye njaa, na mila inayosema mgeni hanyimwi. Msimuliaji wa Kichagga alijua udhaifu wa watu wake uko wapi: katika wema wao.

Haraka haraka: mwaka 1885 Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wengi wanamjua kwa jina la Mandara, ndiye aliyewapokea CMS. Mwaka 1892 wakaondoka kwa sababu ya ugomvi na Wajerumani. Misheni ya Leipzig ikaja 1893 ikianzia Machame. Mapadre wa Roho Mtakatifu walikuwa tayari Kilema, na Kibosho wakafika mwaka huohuo wa 1893. Ramani ile bado ipo: mtu akikutajia kijiji alikozaliwa, unaweza kukisia kama ni Mlutheri au Mkatoliki, na mara nyingi hutakosea.

Je, wajua kwamba Injili na kitanzi vilikuwa jirani? Mangi Meli, mwana wa Rindi, alinyongwa na Wajerumani Old Moshi tarehe 2 Machi 1900, pamoja na wakubwa wengine wa Kichagga na Kimeru. Misheni ya Kidia, palepale Old Moshi, ilikuwa na miaka minne tu. Asomaye habari za Pontio Pilato Old Moshi hahitaji kuelezwa liwali wa kigeni ni mtu wa namna gani.

Je, wajua ni nabii gani aliyemkamata mfalme kwa hadithi ya mwana-kondoo? Nathani. Daudi amemchukua mke wa Uria na kupanga Uria afe vitani. Nathani hakumwendea na mashtaka. Alimwendea na kesi: tajiri mwenye mifugo mingi amepata mgeni, akaacha ya kwake akamchinja mwana-kondoo wa maskini, mmoja tu aliyekuwa naye, aliyekula chakula chake na kulala kifuani pake. Daudi akawaka hasira, akatoa hukumu. Nathani akamjulisha kwamba mtuhumiwa ni yeye, mfalme.

Kuna wasomaji duniani wanaoona mwana-kondoo wa kulala na mwenye nyumba ni chumvi ya msimuliaji. Mchagga hawezi. Nyumba ya zamani ya Uchaggani, ile ya nyasi iliyofanana na mzinga, ng'ombe na mbuzi walilala humohumo ndani pamoja na watu, na usiku ulimsikia mnyama wako akicheua. Hata leo kwenye vihamba vingi, yaani mashamba ya ukoo, mifugo haiendi malishoni: imefungwa bandani na majani huletewa, na wanaoyabeba kichwani kutoka tambarare hadi juu ni akina mama. Mnyama unayemlisha kwa shingo yako mwenyewe unamjua kwa sura. Ndiyo maana 2 Samweli 12 ikisomwa Uru au Kirua, hasira ya Daudi inaeleweka upesi, na msikilizaji anakuwa ameshatoa hukumu moyoni kabla ya mfalme. Huo ndio ujanja wa Nathani. Anakuacha uhukumu kwanza, halafu ndipo unaulizwa ya kwako.

Je, wajua kwa nini Nabothi alikataa bei nzuri? Mfalme Ahabu alimpa chaguo la haki kabisa kwa hesabu za sokoni: shamba lingine bora zaidi, au fedha taslimu. Nabothi akasema ni urithi wa baba zake. Mtu wa kihamba anamwelewa bila mahubiri. Kihamba kwa mila si kiwanja. Humo kuna migomba, kahawa, nyumba, na makaburi ya waliotangulia. Unaweza kumuuzia mtu kahawa yako. Utamuuziaje kaburi la babu yako? Majirani zetu wa Meru waliliishi jambo hili bila mfano: mwaka 1951 serikali ya kikoloni iliwatoa kwa nguvu watu wapatao 3,000 Engare Nanyuki ili kuwapisha walowezi, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kutetea ardhi hiyo. Tofauti yake na Nabothi, aliyeuawa, ni kwamba Kirilo alirudi nyumbani salama.

Leo ahabu wengi ni wa tumbo moja. Kesi za kihamba zinazofika mabaraza ya ardhi huwakutanisha ndugu.

Je, wajua kwamba Isaka alichimba visima na kunyang'anywa mara mbili mfululizo? Mwanzo 26. Kisima cha kwanza wachungaji wa Gerari wakakigombania, akakiita Eseki, yaani ugomvi. Cha pili nacho wakakigombania, akakiita Sitna. Cha tatu hawakukigombania, akakiita Rehobothi. Kilimanjaro tuna mifongo, mifereji ya asili inayotoa maji mtoni huko juu na kuyashusha kwa mteremko uliopimwa kwa macho hadi kwenye vihamba, mingine ina umri wa karne nzima au zaidi. Ukoo uliouchimba mfongo ndio uliousimamia. Kila nyumba ina zamu yake ya maji, na siku ya kusafisha asiyetokea na jembe hutozwa faini. Ugomvi wa zamu unaujua kila aliyekulia huko. Watu wengi wakisoma sura hiyo humtafuta Mungu kwenye kisima cha tatu, kile cha amani. Lakini andiko linamweka Isaka mikononi mwa Mungu tangu alipokuwa anahama, na cha kushangaza ni kwamba mtu aliyekuwa na watumwa, mifugo na nguvu za kupigana alichagua kuokota jembe lake na kwenda kuchimba tena. Sijui ni nani kati yetu angefanya hivyo kwa zamu ya maji ya saa kumi alfajiri.

Mafupi kadhaa, kisha tuendelee:

Kitabu cha Esta katika maandishi yake ya Kiebrania hakimtaji Mungu hata mara moja. Anayetaka kumkuta humo lazima asome matukio.

Kitabu cha Yona kina aya 48 tu na kinaishia kwa swali. Jibu la Yona hatupewi.

Ipo ngano inayosema Meneliki, ambaye Waethiopia humtaja kuwa mwana wa Mfalme Sulemani na Malkia wa Sheba, alikuja kufia Kilimanjaro na kuzikwa kreta na hazina zake, pete ya Sulemani ikiwemo. Hakuna aliyeiokota.

Kreta ya ndani ya Kibo ina jina la mchungaji: Richard Reusch wa Misheni ya Leipzig, aliyepanda mlima huu mara nyingi kuliko wamisionari wenzake wote, na ambaye mwaka 1926 alimkuta chui aliyekauka kwa baridi karibu na ukingo.

Mkutano wa kwanza wa Walutheri wa Afrika nzima haukufanyika jiji kuu lolote. Ulifanyika Marangu, Novemba 1955.

Divai ya Kana? Mitungi sita ya mawe, kila mmoja nzio mbili au tatu. Kwa vipimo vya leo ni kati ya lita 470 na 700. Akina mama wanaopika pombe ya mbege, wanaojua ni ndizi kiasi gani, ulezi kiasi gani na gamba la msesewe kiasi gani huingia kwenye pipa moja la harusi, ndio wanaoweza kupima muujiza huo kwa uzito wake. Wachungaji wengi hupita hapo kwa mwendo wa kasi.

Je, wajua kwamba Hospitali ya Rufaa ya KCMC, iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, mmiliki wake ni hadithi? Shirika linaloimiliki linaitwa Msamaria Mwema. Luka 10: mtu ameporwa njiani Yeriko, kuhani anapita kando, Mlawi anapita kando, Msamaria asiyeaminika anasimama, anamwaga mafuta na divai kwenye majeraha, anamlaza nyumba ya wageni na kuacha dinari mbili, sawa na mshahara wa kibarua wa siku mbili, akiahidi kulipa kitakachozidi. Mahubiri mengi hutuuliza sisi ni nani kati ya wale watatu. Ukikaa benchi la wagonjwa wa nje pale KCMC asubuhi, umeshika kadi na bahasha ya picha za eksirei, unagundua kwamba swali limeruka mtu wa nne: yule aliyelala chini. Hana neno hata moja katika hadithi yote. Hakuchagua nani amsaidie. Pengine ndiye aliye rahisi kuliko wote kuwa, na mgumu kuliko wote kukubali kuwa.

Hospitalini hapohapo hutengenezwa mafuta ya kuzuia jua, Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino, na kuna chuo cha mafundi wa miguu na mikono ya bandia kinachopokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika. Mafuta na majeraha, bado ni Luka 10.

Je, wajua kwamba mti wa Zakayo tunao? Mti aliopanda ni mkuyu, aina ileile inayoota kando ya mito yetu. Zakayo alikuwa mfupi, mkuu wa watoza ushuru, tajiri. Wakenya wanalitumia jina lake kumpachika rais wao William Ruto kwa ajili ya kodi, na mwenyewe amekwisha kulitania hadharani. Lakini wanaocheka wanaishia kwenye kodi na kuusahau mti. Andiko linasema alipanda ili amwone Yesu ni mtu gani. Akajikuta yeye ndiye anayetazamwa, tena anaitwa kwa jina mbele ya umati uliomchukia. Alishuka haraka, na hesabu zake akazifanya mwenyewe bila kuulizwa: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne.

Tukiwa bado kwenye miti: Fredrick Shoo, aliyekuwa Mkuu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) kuanzia 2015, alijulikana hata nje ya nchi kama askofu wa miti kwa kampeni yake ya kupanda miti Kilimanjaro, na vijana wa kipaimara wa Dayosisi ya Kaskazini wamepandishwa miche kama sehemu ya mafundisho yao. Kijana wa miaka 14 anayekariri Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 huku ana udongo kwenye kucha amepata somo ambalo kukariri peke yake hakumpi.

Je, wajua kwamba Wachagga waliliendesha kanisa wenyewe kabla hawajakabidhiwa? Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wajerumani walifukuzwa, na mwaka 1920 wamisionari wa Leipzig wakaondoka. Walimu wa shule za vijijini, wengi wao vijana, ndio waliobaki wakisoma, wakihubiri na kusimulia hadi wamisionari waliporudi katikati ya muongo huo. Bruno Gutmann, aliyefika mlimani 1902 na kuondoka kabisa 1938, alikuwa ameshaandika sana kwamba kanisa la Uchaggani lisimame juu ya ukoo, ujirani na rika, kwa sababu ndizo kamba zilizowafunga watu tangu zamani. Alilitafsiri pia Agano Jipya kwa Kichagga cha Old Moshi. Wapo wanaomlaumu kwamba aliipenda mila kuliko wenye mila walivyoipenda, na lawama hiyo ina ukweli, maana vijana wa wakati wake walitaka shule na kahawa. Hata hivyo alichosema kuhusu ujirani kimedumu. Mwaka 1963 KKKT ilipoundwa kwa kuunganisha makanisa saba, mkuu wake wa kwanza alikuwa mzaliwa wa mlima huu, Stefano Moshi.

Mwaka huohuo wa 1963 kituo kikubwa cha redio kilianza Addis Ababa, na vipindi vyake vya Kiswahili vilitengenezwa studio ya Sauti ya Injili, Moshi. Hadithi za Biblia zilisikika zikitoka Moshi, zikipitia Ethiopia, zikirudi jikoni kwa mama aliyekuwa hatua chache kutoka zilikorekodiwa. Serikali ya Ethiopia iliitaifisha stesheni ile Machi 1977. Studio ya Moshi ikabaki.

Je, wajua hatua saba? Wakatoliki wa jumuiya ndogondogo wanazijua. Maaskofu wa Afrika Mashariki katika AMECEA waliziweka jumuiya hizi mbele mwaka 1976, na utaratibu wa kushirikishana Neno kwa hatua saba ulitoka kituo cha Lumko, Afrika Kusini. Unamkaribisha Bwana. Unasoma. Kila mtu anataja neno au kifungu kifupi kilichomshika, bila maelezo. Mnanyamaza. Kisha anayetaka anasema lilivyomgusa yeye. Mnaamua la kutenda. Mnasali.

Ukitaka kuona mtu anajikuta mwenyewe ndani ya andiko, nenda hatua ya tano. Sebule ya mtu, viti vya plastiki vya kuazima kwa jirani, mshumaa juu ya stuli, watoto mlangoni. Mzee aliyekuwa kimya mwezi mzima anasema yeye amekwama kwenye neno "nyavu", kwa sababu alimwachia mwanawe duka na sasa hajui mikono yake aiweke wapi. Hakuna anayemsahihisha, maana utaratibu haumruhusu mtu kuhubiri kwa mwenzake. Hapo si kila mara panafikiwa. Jumuiya nyingi huruka hatua hiyo na kwenda moja kwa moja kwenye michango na matangazo, na viongozi wao wanajua ninachosema.

Je, wajua kwamba Luka 2 inawahusu abiria? Yosefu alitoka Nazareti kwenda Bethlehemu, kama kilomita 150 kwa njia za kale, kwa sababu ilimpasa kuhesabiwa kwenye mji wa ukoo wake. Kila Desemba Wachagga hufanya safari hiyo kutoka Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 500, kwa mabasi, magari madogo, na tangu Desemba 2019 kwa treni ya abiria iliyorejea. Hakuna Kaisari aliyewaamuru. Wanakwenda kuhesabiwa na mama.

Tumalizie na ndugu wawili. Je, wajua kwamba mfano wa mwana mpotevu unabadilika kulingana na nchi unakosomwa? Mark Allan Powell, aliyekuwa mwalimu wa Agano Jipya katika seminari ya Kilutheri huko Ohio, Marekani, aliwapa wanafunzi wa kwao wasome Luka 15, wafunge Biblia na kuusimulia upya. Kati ya 100, ni sita tu waliokumbuka kwamba kulitokea njaa katika nchi ile. Akafanya hivyo St. Petersburg, Urusi, mji uliozingirwa na majeshi ya Hitler mwaka 1941 hadi 1944 na kupoteza mamia ya maelfu ya watu kwa njaa. Kati ya 50, waliotaja njaa walikuwa 42. Halafu akauliza Tanzania: kwa nini kijana alifika zizi la nguruwe? Wamarekani walikuwa wamesema alitapanya mali. Warusi walikuwa wamesema njaa. Watanzania wengi walijibu kwamba hakuna mtu aliyempa kitu.

Maneno hayo yamo, mwisho wa aya ya 16. Ni macho ya Kitanzania yaliyoyaona. Kwetu kijana kupoteza fedha ugenini ni jambo la kawaida, na ukame ni jambo la kawaida. Lisilo la kawaida ni mji mzima kumwona mgeni ana njaa na kupita.

Uchaggani mfano huu una uzito mwingine ambao sijausikia ukihubiriwa. Kwa desturi ya sehemu nyingi za mlima, mtoto wa kwanza wa kiume hukatiwa kihamba chake anapooa, na kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi na kurithi nyumba yao. Wa katikati hujitafutia. Sasa angalia: aliyeondoka katika Luka 15 ni mdogo. Kwa masikio ya Kichagga aliyeondoka ndiye aliyepaswa kubaki, ndiye mlinzi wa moto wa baba, na yeye ndiye aliyeomba urithi baba yu hai. Baba akibaki peke yake na mkubwa anayefanya kazi kwa uchungu, nyumba imepinduka. Kurudi kwa kijana ni kurudi kwa mwenye nyumba. Na wale wa katikati, walioko Dar, Mwanza, Nairobi na Muscat, ambao mfano hauwataji kabisa, wanausikiliza wakijiuliza karamu ile wao wangekaa kiti gani.

Jaribu wiki hii nyumbani kwako. Msomee mtu Luka 15, aya ya 11 hadi 32, funga Biblia, mwambie asimulie kwa maneno yake huku wewe unaandika. Kisha fungueni muangalie ni kipi alichokiacha. Anza na watoto. Wao huacha kaka mkubwa. Halafu zamu yako.